Prius ya teksi Kigoma: faida ya mafuta kwa dereva, betri kwa tajiri

Gari lenyewe ni Toyota Prius ya mwaka 2010, muundo wa ZVW30, injini ya cc 1800. Ni haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme inayolishwa na betri kubwa. Linafanya teksi Kigoma mjini: Mwanga, Stesheni, Gungu, Ujiji, uwanja wa ndege, na alfajiri Kibirizi kubeba wachuuzi na magunia yao ya dagaa. Mwenye gari ni mama anayefanya biashara ya mawese. Dereva anampelekea hesabu kila jioni na mafuta anajiwekea mwenyewe, kama ilivyo desturi ya kijiweni. Kabla ya Prius, kijana huyohuyo alikuwa anaendesha Toyota IST ya cc 1300, ya petroli tupu, ya mama huyohuyo, kwa hiyo kisa hiki kina kitu ambacho hakipatikani mara nyingi: dereva mmoja, barabara zilezile, magari mawili ya kulinganisha.

Mwezi wa 14 tangu gari lifike, dereva alipiga simu saa moja asubuhi. "Mama shikamoo. Gari limewasha pembetatu nyekundu, halafu halina nguvu kabisa." Mama akauliza swali ambalo kila mwenye gari angeuliza: "Marahaba mwanangu. Mafuta uliweka?"

Mafuta yalikuwemo. Betri kubwa ndiyo iliyokuwa imeshindwa, na hapo ndipo swali la kama magari haya yana faida kweli lilipoacha kuwa la kijiweni likawa la mfukoni.

Tuanze na mafuta, maana huko ndiko faida iliko. Ulaji wa gari haupimwi kwa namba inayoonyeshwa kwenye dashibodi. Unajaza tangi mpaka bomba la kituoni likate lenyewe, unaandika kilomita, unaendesha siku tatu nne za kazi ya kawaida, unarudi kituo kilekile na kujaza tena mpaka likate. Kilomita gawa kwa lita. IST ilikuwa inatoa kilomita 12 kwa lita mjini, Prius 18, zote zikiwa na AC na abiria. Teksi hii hutembea kilomita 120 kwa siku. IST ilikula lita 10, Prius inakula lita 6.7 hivi. Tukichukua petroli kwa shilingi 3,200 kama namba ya hesabu (bei kikomo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hubadilika kila mwezi, weka ya kwako), tofauti ni shilingi 10,667 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 277,000 na ushee kwa mwezi.

Hizo ni hela za kweli. Ila ziko mfukoni mwa nani? Hesabu ya IST ilikuwa 25,000. Prius ilipokuja, mama alipandisha hadi 30,000. Kwa hiyo kati ya ile 10,667, mama alipata 5,000 na dereva 5,667. Kwa miezi 14 mama amevuna 1,820,000 za ziada, dereva zaidi ya milioni mbili. Betri ilipokufa, mlipaji akawa mmoja tu. Anayefaidi zaidi mafuta siye anayelipa betri, na mpaka siku pembetatu ilipowaka hakuna aliyelitia hilo kwenye mapatano. Ukisikia tajiri mmoja anazisifu haibridi na mwingine anazilaani, uliza kwanza petroli analipa nani.

Kwa nini Prius inakula kidogo? Hakuna umeme wa bure mle ndani. Kila umeme unaoingia kwenye betri umetoka kwenye petroli, au umetoka kwenye breki, na huo wa breki nao ulikuwa petroli kabla haujawa mwendo. Kinachookolewa ni kile ambacho IST hukitupa kama joto kwenye pedi za breki, pamoja na petroli inayoungua gari likiwa limesimama. Kigoma haina foleni za Dar, lakini ina mlima: kutoka Mwanga kushuka Stesheni unarudisha umeme, ukipanda unautumia. Halafu kuna kusubiri. Kompresa ya AC ya Prius inaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo abiria akiwa ameingia dukani injini inazima, baridi inaendelea, na injini inajiwasha tu betri inapopungua.

Ukilitoa mjini, mambo yanabadilika. Safari ya Kasulu haina breki nyingi za kukamata, na kwa mwendo wa 90 injini inafanya karibu kazi yote. Hapo IST inafika kilomita 15 kwa lita, Prius 19. Bado ni nafuu, ila si ile ya mjini. Na kwenye mteremko mrefu betri ya Prius hujaa upesi, kwa kuwa ni ndogo sana, kilowatisaa 1.3 tu, na kompyuta hairuhusu itumike yote. Ikijaa, breki ya umeme haina pa kupeleka kitu. Ndiyo maana kuna gia ya B, ambayo huzungusha injini ili ishike gari. Dereva asiyejua hilo anamaliza pedi kwenye mteremko akidhani "gari la umeme linajishika lenyewe".

Sasa turudi kwenye pembetatu. Fundi wa kwanza alibadilisha betri ndogo ya volti 12, ile inayokaa ndani ya buti. Hakuwa mjinga. Betri hiyo ikichoka, Prius huwasha taa nyingi za ajabu na kugoma kuingia READY, ile hali ya kuwa tayari kuendeshwa. Kosa lake ni kutopima. Multimita ya bei ndogo ingemwambia ndani ya dakika moja: gari likiwa limezimwa na kutulia isome 12.4 au zaidi, likiwa READY isome kama 14. Na betri aliyoweka ni ya kawaida ya maji, wakati Prius inataka ile iliyozibwa yenye mrija wa kutolea gesi nje, kwa sababu betri iko chumba kimoja na abiria. Shilingi 190,000 zilikwenda.

Fundi wa pili alifuta kwa mashine msimbo, yaani namba ya hitilafu inayotunzwa na kompyuta ya gari. Siku tatu, taa ikarudi. Wa tatu alishauri betri kubwa itolewe gari litembee kwa petroli peke yake. Ushauri huu unazunguka sana gereji za mikoani, na haufanyiki. Prius haina stata wala alteneta. Injini huwashwa na mota iliyo ndani ya gia boksi, na mota hiyo hulishwa na betri kubwa. Ukiitoa, hata kuwaka haliwaki.

Kilichotakiwa ni kusoma betri yenyewe. Ndani ya kizimba chake, yaani kasha la betri kubwa, kuna moduli 28 za nikeli, kila moja ina seli sita za volti 1.2, jumla volti 201.6. Kompyuta inazitazama mbilimbili, yaani mafungu 14. Mashine inayosoma mafungu iliunganishwa, gari likapelekwa kwenye mpando wa Mwanga, mguu ukakandamiza mafuta. Mafungu 13 yalicheza karibu na volti 15. Fungu la 7 likaporomoka hadi 12.9. Gari likiwa limesimama tofauti ilikuwa ndogo zaidi, ndiyo maana kupima limesimama tu hakutoshi. Msimbo ulikuwa P0A80, ambao maana yake ni kwamba mafungu hayalingani na betri inatakiwa kubadilishwa.

Kwa nini la 7? Liko katikati, na katikati ndiko joto hukusanyika. Betri hii inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Ipo tundu yenye kava la plastiki kando ya kiti cha nyuma, karibu na mlango, na nyuma yake feni inayovuta hewa hiyo na kuipitisha kati ya moduli. Kila alfajiri gunia la dagaa la Kibirizi lilikuwa linawekwa juu ya kiti, likiegemea tundu hilohilo. Feni ilipofunguliwa, mapezi yake yalikuwa hayaonekani: vumbi jekundu, nyuzi za magunia na vipande vya dagaa vilikuwa vimeshikana kama kipande cha blanketi. Feni ilikuwa inazunguka na kupiga kelele vizuri kabisa, hewa ndiyo iliyokuwa haipiti. Dereva alikuwa amesikia uvumo huo wiki kadhaa, akadhani ni AC.

Kufungua kizimba si kazi ya majaribio. Volti 200 za mkondo wa moja kwa moja zinaua. Utaratibu hauna njia ya mkato. Ufunguo uondoke, ukae mbali na gari. Nguzo hasi ya betri ndogo ifunguliwe. Vaa glavu za mpira za volti 1,000, zikaguliwe kwa kuzipuliza kama zina tundu. Chomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa iliyoko kwenye kizimba, uiweke mfukoni mwako ili mtu asiirudishe kwa nia njema. Subiri dakika 10, kapasita (vihifadhi chaji) za inveta, kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, zimwage chaji. Pima kwenye vituo vya inveta mpaka uone sifuri. Waya wowote wa rangi ya chungwa uhesabu una umeme mpaka multimita iseme hauna.

Moduli ziliandikwa namba 1 hadi 28 kwa kalamu ya wino mzito kabla ya chochote kuguswa. Zikiwa zimetulia, nyingi zilisoma kati ya 7.7 na 7.9. Namba 14 ilisoma 6.5. Upungufu wa volti 1.2 ni seli moja imekufa, na hapo hakuna cha kufufua. Lakini volti za kupumzika hudanganya, kwa hiyo kila moduli ilibebeshwa taa ya mbele ya gari ya wati 55 kwa dakika mbili, na volti ikaandikwa mwanzo na mwisho. Namba 13, 15 na 16 zilizokuwa zinasoma 7.7 ziliporomoka zaidi ya volti moja wakati wenzao walishuka nusu volti au chini yake. Nne kwa jumla, zote jirani.

Hapa ndipo gereji nyingi hukosea. Wanatoa moja iliyokufa, wanaweka nyingine, wanafunga. Moduli mpya yenye nguvu ikikaa kati ya zilizochoka, mafungu hayalingani tena na kompyuta inawasha taa ileile ndani ya wiki. Au jirani zake zinafuata moja moja, kila mwezi gari liko juu ya mawe. Nne zilibadilishwa kwa zilizotumika kutoka Dar, zilizopimwa kwa taa hiyohiyo kabla hela haijatoka. Kisha zote 28 zilichajiwa na kumwagwa mara tatu, chaja ndogo ikimwaga hadi volti 6 kwa moduli, halafu zikaunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi usiku kucha ili zilingane. Wakati wote huo zilikuwa zimebanwa ndani ya fremu. Moduli ikichajiwa bila kubanwa inavimba, na ikishavimba hairudi kwenye kizimba.

Zikirudishwa, zenye nguvu ya wastani ziende pembeni na zilizo bora zikae katikati kwenye joto. Kila moduli inageuzwa kinyume cha jirani yake. Ukikosea moja umetengeneza shoti. Vibao vya shaba vinavyoziunganisha vilikuwa vimeota kijani. Viliwekwa kwenye siki nusu saa, vikasuguliwa kwa msasa laini, vikasuuzwa na kukaushwa. Nati zake hukazwa kwa niutoni-mita 5.4 tu, mkazo wa kufunga kwa vidole viwili. Fundi aliyezoea nati za tairi atang'oa skrubu kwenye plastiki, na moduli nzima inakuwa ya kutupa.

Gharama: moduli nne kwa 65,000 ni 260,000, usafiri 30,000, fundi 300,000. Jumla 590,000. Ongeza ile betri ndogo isiyotakiwa, 190,000, na siku 11 gari likiwa limelala bila hesabu, 330,000. Imekuwa 1,110,000. Ukitoa kwenye 1,820,000 alizovuna mama, zinabaki 710,000. Hajala hasara, ila 520,000 kati ya hizo milioni moja na ushee ni gharama ya kutopima mapema. Na betri iliyokarabatiwa si mpya. Moduli 24 zilizobaki zina umri wa gari.

Mambo mengine mawili ya gari hili, kwa haraka. Injini ya Prius hii huziba masizi kwenye kipoza moshi na njia zake za kurudisha moshi kwenye injini, na ikiachwa hivyo hufika kuunguza gasketi ya silinda hedi. Dalili yake ni gari kutetemeka dakika moja asubuhi likiwa la baridi na maji ya rejeta kupungua bila kuvuja. Fungua na kusafisha kipoza hicho mapema. Gasketi ni ghali kuliko moduli zote nne. La pili ni mafuta ya kompresa ya AC. Inatumia ND-OIL 11, ambayo haipitishi umeme. Fundi wa friji akiweka mafuta ya kawaida ya AC, umeme wa betri kubwa unaanza kuvujia kwenye bodi, gari linatoa msimbo P0AA6 na kugoma kuwaka, na watu wanaanza kufungua betri isiyo na kosa.

Na mazingira? Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za kaboni dioksidi. IST ilikuwa inatoa kilo 23 kwa siku ya kazi, Prius 15 na kidogo. Kwa siku 312 za mwaka, tofauti inakaribia tani 2.4. Gari lilikuwa limeshatengenezwa Japani na kutumika huko miaka mingi, kwa hiyo hatuna sababu ya kulidai tena moshi wa kiwandani. Upande wa taka hesabu si safi hivyo. Moduli nne zilizokufa zina nikeli na maji makali ya potasiamu, na zilibaki chini ya benchi la gereji. Zikichomwa au kutobolewa, maji hayo yanaunguza ngozi na macho. Zifungwe vituo vyake kwa tepu, zikae pakavu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mpaka apatikane mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kwa hapa mjini, hata hivyo, betri ndogo za risasi ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu zina soko na watu huziyeyusha nyuma ya nyumba.

Mama aliuliza swali la mwisho: si bora kuuza hili na kuchukua gari la umeme mtupu? Aliyemshauri alikuwa na Nissan Leaf ya kilowatisaa 24, ambayo kipimo chake cha afya ya betri kilikuwa kimebaki na visanduku 8 kati ya 12. Kwa gharama ya mwendo, Leaf inawaacha wote mbali. Kilomita 7 kwa uniti (kilowatisaa moja), kilomita 120 ni uniti 17, ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji zinafika 19. Kwa shilingi 356 uniti, kodi zikiwemo, ni 6,800 hivi kwa siku, wakati Prius inakula 21,300. (Asitegemee ile bei ya 100 kwa uniti, hiyo ni ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na gari hili lingezimaliza ndani ya siku nne.)

Ugumu uko kwenye umbali. Visanduku 8 ni karibu theluthi mbili ya betri, na umeme unaotumika kweli ni uniti 13 au 14, yaani kilomita 95 kwenye siku njema. Kazi ya siku ni 120. Lazima lichajiwe mchana saa kadhaa kwenye soketi ya ukutani, na saa hizo ndizo treni na boti zinaposhusha watu. Kasulu ndiyo kabisa. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya bahari, Kasulu iko juu zaidi kwa mita 500 na kitu. Kuinua tani 1.8 za gari na abiria mita 500 kunakula uniti 2.5 kabla hujahesabu umbali wenyewe. Kufika pengine, kurudi bila kuchaji hapana. Na betri ya Leaf haina feni wala maji ya kuipoza, hivyo joto linaishusha mwaka hata mwaka. Moduli za Prius unazibadilisha kwa laki chache. Za Leaf ni habari nyingine kabisa.

Moshi wake nao unategemea umeme umetoka wapi. Kigoma kwa miaka mingi iliishi kwa majenereta ya dizeli. Jenereta kubwa hula karibu robo lita kwa uniti, na ukijumlisha unaopotea njiani, uniti 19 za Leaf hutoa moshi unaokaribiana na wa Prius. Umeme ukitoka kwenye gesi unashuka hadi kilo 10 hivi kwa siku, na ukitoka kwenye maji, kama wa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, unabaki kidogo mno. Ila umeme ukikatika, mtu akaamua kuchaji kwa jenereta dogo la petroli la nyumbani, linalokula nusu lita kwa uniti, atachoma lita 9.5. IST ilikuwa inachoma 10.

Prius ilibaki. Hesabu imebaki 30,000, lakini dereva sasa anatoa 4,000 nyingine kila siku zinazoingia kwenye namba ya simu ya mama iliyotengwa kwa betri tu, 104,000 kwa mwezi, na wote wawili wanaona salio. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi feni inafunguliwa na kupigwa brashi. Gunia la dagaa limehamia kwenye buti, na mchuuzi anatozwa 2,000 zaidi kwa ajili ya harufu.